Mwanangu anadhani Maestro aliishi miaka yote

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana miaka 8 na anaipenda sana katuni ya Kifaransa kuhusu historia ya binadamu, *Il était une fois... l'Homme*. Juzi aliniambia Warumi walipigana na Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, na kwamba mzee Maestro alikuwepo na kote alishuhudia. Nimkataze kuiangalia? – Mama, Lubumbashi

Jibu: Marahaba, mama. Usimkataze. Mtoto ameelewa kile alichoonyeshwa. Albert Barillé, aliyeitunga katuni hiyo iliyoanza kurushwa Ufaransa mwaka 1978, aliamua kwamba sura zilezile zirudi katika kila zama. Maestro na ndevu zake ndefu, Pierrot, na wale wakorofi wawili, mrefu na mfupi: leo wako pangoni, kesho Roma, keshokutwa Versailles kwenye kasri la Louis. Uamuzi huo ndio uliomnasa mwanao, maana mtoto huifuata historia pale anapomfuata mtu. Lakini kwake sura isiyozeeka ina maana kwamba muda haujapita.

Anachokosa ni umbali, na umbali mtoto wa rika lake anauelewa kwa macho na miguu. Tafuteni kamba ya mita 3. Kila sentimita iwe miaka 10, na ncha moja iwe leo. Anzeni na yeye mwenyewe: maisha yake yote hayafiki sentimita moja. Bibi yake wa miaka 70 anafungiwa fundo kwenye sentimita 7. Louis wa 14, aliyeshika hatamu mwenyewe mwaka 1661, anakaa karibu na sentimita 36, na msafiri Marco Polo, aliyeondoka Venice mwaka 1271, kwenye 75. Pericles, kiongozi wa Athens ya kale, anakwenda mpaka mita 2 na nusu hivi. Kisha mwulize Neanderthal, yaani watu wa kale wa aina tofauti na yetu, wafungwe wapi. Walitoweka miaka 40,000 hivi iliyopita, yaani mita 40, kwa hiyo mtatoka nje ya ua na kuhesabu hatua barabarani. Nimeifanya kazi hii na madarasa mengi, na hapo pa kutoka nje ndipo watoto hunyamaza.

Katuni yenyewe inawasaidia: kuna mhusika wa saa anayeonyesha mwaka. Kila akitokea, simamisheni picha, mtoto akafunge fundo, kisha muendelee.

Jambo la pili hukuliuliza, ila linanigusa. Vipindi viko 26. Soma vichwa vyake: karne ya Pericles, Wakaroli (ukoo wa wafalme wa Ulaya), Waviking, Vita vya Miaka Mia, Peter Mkuu wa Urusi, Mapinduzi ya Ufaransa. Hakuna hata kimoja chenye jina la ufalme wowote wa Afrika kusini mwa Sahara. Mtoto wa Katanga akiishia hapo, atadhani kwao hapakutokea kitu. Kwa hiyo mfungieni mafundo ya rangi nyingine kwenye kamba ileile. M'siri, mfalme wa Wayeke huko Katanga, aliuawa Bunkeya mwaka 1891: ni sentimita 13 tu na ushee, karibu mno na bibi, na mtoto atashangaa. Ile misalaba midogo ya shaba, watu wa bonde la Upemba, hukohuko Katanga, walikuwa wakiwazika nayo wafu wao karne nyingi kabla ya M'siri. Ifungieni fundo mbele kidogo ya Louis, upande wa Marco Polo.

Kumbuka pia kwamba katuni ni ya 1978. Tangu mwaka 2010 tunajua, kwa vipimo vya vinasaba, kwamba Neanderthal walizaa na watu wa aina yetu. Mweleze mtoto kwamba wachoraji hawakuwa na habari hiyo.

Na Maestro? Asiwe na fundo. Mchoreni kwenye karatasi, mumkate kwa mkasi, mwanao amtembeze juu ya kamba. Kila afikapo kwenye fundo, mtoto ndiye aseme: hapa Maestro anaigiza nani?