Kuhusu gharama za kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo

Ndugu yangu, umeeleza kwamba ulitoa shilingi 400,000 kwa kadi ya mkopo kwenye ATM iliyo karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha, ukalipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, na bado umetozwa riba. Sioni kosa la benki hapo. Unaponunua bidhaa dukani kwa kadi hiyo, kwa kawaida hupewa siku kadhaa za kulipa bila riba, lakini fedha taslimu hazina nafuu hiyo: riba huanza kuhesabiwa siku ileile unapozitoa, tena mara nyingi kwa kiwango cha juu kuliko cha manunuzi.

Mbali na riba kuna ada ya kutoa, ambayo hukatwa hata ukirudisha fedha kesho yake. Tuchukulie kwamba ada ni asilimia 4 na riba ni asilimia 3 kwa mwezi: ada ni shilingi 16,000, riba ya siku 30 ni shilingi 12,000, jumla 28,000, na hapo sijagusa makato ya mashine ikiwa si ya benki yako. Anayetoa kiasi kidogo huumia zaidi, kwa kuwa benki nyingi huweka kima cha chini cha ada.

Nakushauri kwa dhati usisubiri taarifa ya mwezi; rudisha fedha mapema uwezavyo, maana kila siku ina riba yake. Uliza pia iwapo kuhamishia fedha kwenye akaunti ya simu kwa kadi hiyo kunahesabiwa kuwa ni kutoa taslimu, kwani baadhi ya benki hufanya hivyo.