Mzee hataki kusikia habari za AI

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tuna biashara ya familia ya vipuri vya magari, baba ndo mwanzilishi, ba'mdogo anashika stoo, mimi niko kaunta. Nimejifunza ChatGPT, ile programu unayoiuliza maswali ikakujibu, nikawaambia tuanze kutumia AI (akili bandia) kwenye hesabu na oda, baba akasema mashine haijui biashara, ba'mdogo ndo kabisa akanuna, ati namtafutia sababu ya kumtoa. Nifanyeje?
Wa Kaunta

JIBU: Marahaba mwanangu. Nikwambie tu, baba yako hajakosea sana. Hiyo ChatGPT tangu itoke Novemba 2022 kazi yake ni kukisia neno linalofuata, kwahiyo ukiiuliza mwezi ujao uagize breki pedi ngapi bila kuipa mauzo yenu itakujibu vizuri tu, tena kwa kujiamini, na jibu lenyewe imelitunga. Sasa mauzo yenu yako wapi? Nahisi nusu yako kwenye daftari na nusu kichwani kwa mzee, yeye ndo anajua fundi yupi hulipa mwisho wa mwezi bila kusumbua na filta zipi hudoda. Kaa naye jioni, aongee wewe uandike, hiyo ndo data, na hamna kompyuta iliyo nayo.

Ba'mdogo ni kesi nyingine. Duka la familia lina ile "chukua tu tutaandika kesho", mjomba kaondoka na betri, ada ya mtoto imetoka kwenye droo, na wala si wizi jamani, ndo tulivyozoea. Ila siku stoku ikiingia kwenye programu, betri ya mjomba itaulizwa, na atakayeulizwa ni mwenye stoo! Ningekuwa mimi ningenuna pia. Kubalianeni kwanza kila mtu alipwe mshahara, na anachochukua kiandikwe kwa jina lake, wewe ukiwemo. Bila hilo hata usianze.

Mkishaelewana anza na kazi moja inayowachosha wao. Mfano ankara za wasambazaji: piga picha, iambie ChatGPT ikutolee bidhaa, idadi na bei, halafu ba'mdogo alinganishe na mzigo ulioshuka, maana mwandiko ukiwa mbaya 3 inaweza kusomwa 8 na ukajikuta una plagi za hewa. Hapo yeye ndo anaikagua mashine na nadhani kununa kutapungua.

Madeni ya wateja na namba zao za simu usizimwage humo. Akaunti za bure mara nyingi maongezi yako yanatumika kuifundisha mpaka uzime kwenye mipangilio, na hata ukizima bado toa majina. Na usiiachie ijibu wateja peke yake. Chatboti (programu ya kujibu wateja) ya shirika la ndege la Air Canada ilimwambia abiria anaweza kudai punguzo la nauli ya msiba baada ya safari, wakati utaratibu wao haukuruhusu, kesi ikafika kwenye baraza la usuluhishi na mwaka 2024 kampuni ikaamriwa imlipe. Hiyo ni kampuni kubwa ina mawakili, nyie mna nani?

Jambo la mwisho, akaunti ifungue kwa email ya biashara, sio yako, na paswedi mzee awe nayo hata kama hataigusa.