Jani limejikunja: anza na mmea, kidukari baadaye

Ukiona majani ya mmea wa porini yamejikunja, huenda ni kazi ya vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na hamu ya kwanza ni kuyafungua. Ngoja kidogo. Piga picha ya mmea mzima, maua au matunda kama yapo, kisha jani lenyewe juu na chini likiwa bado limejikunja. Rekodi nyingi za kutambua wadudu hawa nilizoziona zikikwama zilikwama kwa sababu ya mmea, si mdudu. Spishi nyingi za vidukari hula mimea michache tu, kwa hiyo jina la mmea hupunguza sana orodha ya kutafuta. Andika pia jani limejikunja vipi: kingo zimeingia chini, au ncha imesokotana? Limebadilika rangi?

Sasa fungua. Ukikuta nyuzi za hariri na vinyesi vyeusi, huyo ni kiwavi. Vidukari huacha ngozi nyeupe walizojivua, utamu unaonata, na mara nyingi sisimizi wanaoulamba. Ngozi zikiwapo lakini wadudu hawapo, rekodi vilevile, maana baadhi yao huhama. Kidukari aitwaye Brachycaudus helichrysi hukunja majani ya miplamu majira ya kuchipua, kisha wenye mabawa huhamia mimea mingine, hasa ya jamii ya alizeti.

Kwa lenzi ya mkono, angalia vijibomba viwili vilivyo nyuma ya mgongo: ni virefu au vifupi, vyeusi au vyeupe? Angalia na kimkia kilicho kati yake, na papasi (vipapasio) za kichwani ukizilinganisha na urefu wa mwili. Rangi iandike mdudu akiwa hai. Akiingia kwenye alkoholi hupauka, na picha nayo hudanganya kivulini.

Ukichukua sampuli, mguse kwanza taratibu kwa brashi laini achomoe mdomo wake kwenye jani, usije ukakatika. Chukua waliokomaa, wenye mabawa na wasio nayo, uwatie kwenye alkoholi ya asilimia 70 hadi 80. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa: mahali, tarehe, mmea. Wino huyeyuka humo. Bila hadubini, mara nyingi mimi huishia kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu), si spishi yenyewe, na sioni aibu.

Vidukari waliovimba na kukauka kama maganda ya kahawia usiwachanganye na hao. Waweke kwenye chupa kavu iliyozibwa kwa pamba. Ndani yao kuna nyigu wadogo watakaotoka, nao wanahitaji rekodi yao.