Sungura wa ndani anayesusa na kudeka: jibu refu kwa mleta mada

Mleta mada, nimekusoma hivi: una jike wa miezi saba, hajahasiwa, anaishi huru ndani ya nyumba. Ukimkata kucha anakugeuzia mgongo jioni nzima. Alfajiri anarusha bakuli na kutafuna waya za kizimba mpaka uamke. Ukitembea anakukimbilia na kukung'ata vifundo vya miguu, na siku hizi anakojoa kitandani kwako. Wachangiaji wengi wamekuambia ana kiburi, umpuuze tu. Hapo sikubaliani nao. Kila kimoja kati ya hivyo kina chanzo chake, na ukivitibu vyote kwa kumpuuza, kung'ata kutazidi.

Kabla ya kusema sungura amenuna, hakikisha hana maumivu. Huyu ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo huficha ugonjwa hadi dakika za mwisho, na mara nyingi kinachoonekana kwanza ni "hasira" au kujitenga. Tofauti iko kwenye chakula. Aliyesusa hatakula mbele yako, lakini ukimwachia jani analolipenda na kuondoka, ukirudi utakuta limeliwa. Mgonjwa analiacha palepale. Angalia na kinyesi: vidonge viwe vya mviringo, vikavu, vya ukubwa unaolingana. Vikianza kuwa vidogo, kupungua au kuungana kwa nywele, utumbo unapunguza mwendo. Sungura aliyepitisha muda wa saa 12 mfululizo bila kula ni dharura, usisubiri kupambazuke.

Usoni pia pana habari. Mwaka 2012 kilichapishwa kipimo cha kusoma maumivu ya sungura kwa alama tano: macho yanabana, mashavu yanabonyea, tundu za pua zinachongoka kama herufi V, sharubu zinakakamaa kuelekea mbali na uso, na masikio yanajikunja na kulala nyuma. Kusaga meno nako ni kwa aina mbili. Ukimsugua paji la uso akasaga polepole, kwa mtetemo mdogo unaousikia zaidi kwa vidole kuliko kwa masikio, hiyo ni raha. Akisaga kwa nguvu huku amejikunyata, anaumwa. Meno yake yote hukua maisha yake yote (ya mbele kwa kadiri ya milimita 2 hadi 3 kwa wiki), na gego likiota ncha huchoma ulimi au shavu. Wa namna hiyo hula vitu laini, huacha nyasi kavu, na kidevu chake huloa mate.

Kuhusu mkojo wa kitandani: akijikamua, akikojoa kidogo kidogo, au mkojo ukiwa mzito kama chokaa iliyokorogwa, hilo ni la daktari kabla halijawa la tabia. Mkojo wa rangi ya chungwa au mwekundu peke yake si lazima uwe damu, kwani rangi za majani hupita hivyo, ila mwache daktari apime.

Mwili ukiwa sawa, kwa umri wa wako ninaelekeza kidole kwenye homoni. Sungura huanza kupevuka miezi mitatu na nusu hadi sita, wa maumbo makubwa huchelewa kidogo. Hapo ndipo yule mtoto mpole anapoanza kuzunguka miguu yako akiguna, kurusha ngumi za miguu ya mbele ukiingiza mkono kizimbani, na kukojolea pale penye harufu yako kali zaidi, yaani kitanda. Hakukomoi, anaweka mipaka. Mafunzo pekee hayatashinda hili, anahitaji kuhasiwa. Jike huhasiwa kuanzia miezi mitano au sita, dume mara korodani zinaposhuka. Dume aliyehasiwa asikutanishwe na jike asiyehasiwa kwa wiki sita, anaweza bado kumtia mimba. Kwa jike kuna sababu nzito kuliko tabia: saratani ya mji wa mimba ni ya kawaida mno kwa majike wasiohasiwa wanapozeeka.

Tafuta daktari aliyezoea sungura hasa. Swali moja litakusaidia kumpima: muulize kama sungura afungishwe kula usiku wa kuamkia upasuaji. Jibu sahihi ni hapana. Sungura hawezi kutapika, na tumbo tupu linamhatarisha. Baada ya upasuaji usitarajie mabadiliko ya kesho yake, homoni huchukua wiki kadhaa kushuka. Na ukimwona sasa hivi anang'oa manyoya ya kifua na kubeba nyasi mdomoni huku akiwa mkali, hiyo ni mimba ya uongo. Huisha baada ya siku 16 hadi 18. Mwachie kiota chake, ukikibomoa ataanza upya na kung'oa zaidi.

Kwa kitanda, mpaka atakapohasiwa, funga mlango wa chumba. Palipokojolewa safisha kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Sanduku la choo liwe kubwa kiasi cha yeye kujilaza humo, nyasi kavu ziwekwe upande mmoja kwa sababu hupenda kula na kunya papo hapo, na kila unapolisafisha bakiza konzi moja ya uchafu wa zamani. Watu husafisha mpaka harufu yake yote inapotea, naye kesho yake anaanza kuweka alama upya kila kona.

Sasa kudeka. Sungura huamka zaidi alfajiri na magharibi, kwa hiyo saa kumi na moja asubuhi kwake ni saa ya kazi. Akirusha bakuli ukanyanyuka, hata kama umenyanyuka kumfokea, umemlipa. Ukimtilia na chakula, umemlipa mara mbili. Hiki ndicho cha kufanya: pelleti zake (chakula kikavu cha punje cha dukani) ziwe takriban gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku nzima, na sehemu kubwa aipate usiku unapokwenda kulala, si asubuhi. Wakati huohuo mjazie nyasi mpya zitakazofika mchana. Bakuli liondoe kabisa, zitawanye pelleti ndani ya nyasi azitafute, hatakuwa na cha kurusha. Jioni kaa naye sakafuni dakika 20 au 30. Ukiamka, usimguse wala kumlisha kwanza. Fanya shughuli nyingine, kisha umwendee akiwa kimya. Mwanzoni ukimya wa sekunde 3 unatosha. Ukizoeleka, dai 5, kisha 10, kisha 30. Mlango wa kizimba nao ni vivyo hivyo: usifunguliwe waya ikiwa mdomoni.

Siku za mwanzo kelele zitaongezeka kabla ya kupungua. Hapo ndipo wengi hushindwa: wanavumilia dakika 40, halafu wanainuka. Alichojifunza ni kwamba inahitaji dakika 40. Kama unajua huwezi kuvumilia, usianze kabisa. Badilisha ratiba ya chakula na mahali anapolala, acha hilo la kupuuza.

Ila sikubali kwamba kila kuomba kwake kupuuzwe. Ombi la sungura hupanda ngazi. Kwanza anakugusa kwa pua. Usipojibu, anasimama kwa miguu ya nyuma au anavuta nguo. Usipojibu, anachimba gotini kwako. Mwisho ni meno, na kwenye meno kila mtu hujibu! Kwa hiyo nyumba nyingi zimemfundisha sungura aache pua na aanzie kwenye meno. Geuza utaratibu huo. Akikugusa kwa pua, jibu papo hapo, hata kwa kumsugua paji sekunde chache au kumtamkia jina. Akikung'ata, toa mlio mmoja mfupi mwembamba, simama tuli, usimtazame, usimsukume na mguu wala kumpiga, na usimfungie kizimbani kama adhabu, maana kizimba kikiwa jela utapata tatizo jingine. Akitulia, endelea na safari yako. Mpaka homoni zishuke, vaa viatu vilivyofunika vifundo, maana ngozi ikiuma utaruka, na kuruka kwako ndio mchezo anaoutaka.

Ukali wa kizimbani una dawa rahisi: safisha akiwa nje, na usimvute kwa mkono humo. Acha atoke mwenyewe.

Kususa nako kuna lugha yake. Mtazame vizuri akikugeuzia mgongo: amejikusanya, hatazami, lakini sikio moja limeelekezwa kwako na linafuata kila unapohama. Hajakata mawasiliano, anasubiri uone. Akiondoka huku anatupa miguu ya nyuma kama anayekung'uta vumbi, ndiyo kukasirika kwenyewe. Usimfuate wala kumnyanyua ili mpatane. Kaa chini ubavu, umbali wa mita moja na nusu hivi, usimkodolee macho, soma au nyamaza tu dakika 10 hadi 15. Akija akainamisha kichwa mpaka kidevu kiguse sakafu, anaomba kusuguliwa. Anzia katikati ya macho kwenda kwenye shina la masikio. Mkono upite kando, kwa sababu mbele kabisa ya pua yake haoni, na mkono unaotokea hapo humshtua.

Lakini bora kupunguza sababu ya kususa. Kucha si lazima zikatwe zote kwa mkupuo mmoja. Kata mbili leo, mbili kesho, akiwa sakafuni amezungushiwa taulo, na kila ukucha ukifuatiwa na kipande cha tunda kidogo kama ukucha wako. Kitamu apewe wakati wa kazi, si baada ya kununa, usije ukanunua kununa kwenyewe. Usimlaze chali. Ule utulivu unaosifiwa ni mwili kuganda kwa hofu, si starehe. Ukimbeba, makalio yategemezwe muda wote, kwa sababu teke moja akiwa ananing'inia linaweza kumvunja uti wa mgongo.

Kupiga sakafu kishindo kwa mguu wa nyuma ni tahadhari zaidi kuliko malalamiko. Amesikia au kunusa kitu. Washa taa, angalia, ongea kwa sauti ya chini, ukafunge dirisha. Kumfokea kunamthibitishia kwamba kweli kuna hatari.

Mwisho ni upweke na kuchoka. Nafasi ya mita 3 kwa 2 muda wote ni kiwango cha kuanzia. Mwekee boksi la kadibodi lenye milango miwili, beseni la udongo au karatasi zilizochanwa la kuchimbia, na bomba la karatasi ya chooni lililojazwa nyasi. Mwenza humsaidia sana, ila si kabla wote wawili hawajahasiwa na kupona, na wakutanishwe mahali ambapo hakuna mwenye harufu yake. Ukimletea mwenzake sasa, akiwa na homoni hizi, utatenganisha ugomvi wenye damu.

Ukirudi kwenye uzi, taja uzito wake, anakula nyasi kiasi gani kwa siku, na kama kitandani anaacha dimbwi moja au matone mahali pengi. Dimbwi na matone huelekeza sehemu tofauti, na hilo ndilo litakaloamua kama kwa daktari aende kupangiwa kuhasiwa tu, au apimwe mkojo kwanza.