Sarafu haijakuwa duara, nimeuziwa feki?

SWALI: Niaje mwalimu wa sarafu. Kuna jamaa Gikomba ananiuzia sarafu ya fedha ya Uingereza, ako na zingine mbili kama hiyo kwa mkebe, anasema ni ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, imeandikwa 1573 na iko na ua nyuma ya kichwa ya malkia, lakini si duara poa, ukingo umekatikakatika na maandishi mengine yameisha nusu. Anataka 9,000. Ni feki? Na mamangu anasema niisugue na majivu na ndimu ing'ae.
– Msomaji, Umoja

JIBU: Msalimie mama, umwambie majivu na ndimu ni ya sufuria. Huo weusi ndio wakusanyaji wanapenda, ukiutoa umejishushia bei mwenyewe.

Kupinda hakunishtui, ingekuwa duara kamili ndio ningeuliza maswali. Hizo ziligongwa kwa mkono, chapa moja imekazwa kwa gogo, kipande cha fedha juu yake, chapa ya pili juu, halafu nyundo, na fundi akiwa na haraka maandishi yanamwagika nje ya ukingo. Mashine ilichukua hiyo kazi kabisa 1662. Halafu kulikuwa na wezi: thamani ya pesa ilikuwa ile fedha yenyewe, so watu walikuwa wanakata ukingo kidogo kidogo, wanayeyusha vipande, na sarafu wanaitumia tu kama kawaida, ndio maana huko nyuma 1247 Mfalme Henry wa Tatu aliurefusha msalaba wa upande wa nyuma wa sarafu mpaka ukingoni ili ukikata ijulikane. Wakaendelea kukata tu.

Ua na mwaka ziko sawa. Elizabeth alianza kuweka hilo waridi 1561 kwa sarafu ya peni 6, lakini hata ya peni 3 iko nalo, kwa hivyo pima: ya peni 6 ikiwa nzima ni karibu gramu 3, ile ingine nusu yake. Sumaku isikudanganye, haishiki fedha lakini pia haishiki madini ya risasi.

Mimi kinanisumbua ni hizo mbili za kwa mkebe. Ziweke zote tatu pamoja uangalie. Sarafu za nyundo zinaweza kutoka kwa chapa moja, lakini hazitakatika mahali pamoja na kupinda vilevile. Ukipata ni pacha, zimemiminwa kwa kalibu, na pengine utaona mstari mwembamba umezunguka ukingo na vishimo vidogo kama vya mandazi. Hapo mrudishie mkebe wake, 9,000 kaa nayo.