Bahari Haina Jinja: Niliyojifunza Nikitengeneza Tovuti ya Vijana Mwanza

"Kaka, kwa hiyo maji ya bahari yameshafika hapa mwaloni?"

Aliyeniuliza ni binti wa kidato cha pili. Tulikuwa tumekaa kwenye banda la rafiki yangu fundi simu, pale mtaa wa Kirumba, Mwanza, kwenye mwalo wanakotua wavuvi wa Ziwa Victoria, na nilikuwa nimempa simu aifungue tovuti niliyoihangaikia miezi mitatu, ya kuwaeleza vijana kwa nini usawa wa bahari unapanda. Juu niliweka barafu ya Greenland ikimomonyoka. Chini yake, ili kumvuta mtoto wa Mwanza, nikaweka nyumba za kando ya ziwa zilizoingiliwa na maji mwaka 2020. Nilijiona mjanja. Binti naye alisoma kama nilivyopanga: kule barafu imeyeyuka, huku maji yamejaa.

Hakukuwa na sentensi hata moja ya uongo kwenye ukurasa ule. Uongo ulikuwa kwenye mpangilio, na huo ndio mbaya zaidi, kwa sababu huwezi kuukamata hata ukihariri mara kumi. Kwa hiyo kama unafikiria kutengeneza kitu kama hiki, anza na maji ambayo kijana anayaoga, sawa, lakini kabla hujampeleka baharini mwonyeshe kwamba hayo ni maji mengine.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Niliiandika namba hiyo kwa herufi nene, hakuna aliyeijali. Ndipo nikaigeuza safari ya reli ya kati. Ukurasa mmoja mwembamba na mrefu, unaanzia Dar es Salaam chini kabisa, unapanda kwa kidole: Morogoro kwenye mita 500 hivi, Dodoma 1,100 na ushee, Tabora karibu 1,200, halafu unateremka kidogo kuja Mwanza. Mstari mmoja na majina ya stesheni, basi. Waliowahi kupanda treni wakaanza kusimuliana walivyolala Tabora. Ukifika mwisho unakutana na swali: bahari ipande mita ngapi ndipo iguse kivuko cha Kamanga? Wanabashiri, kisha wanabofya na kuona kwamba barafu yote iliyoko nchi kavu duniani, Greenland na Antaktika zikiwemo, ikiyeyuka yote bado haifikishi mita 100. Wengi hapo hushusha pumzi na kucheka.

Kicheko hicho kikanizalia tatizo jingine. Kijana mmoja, mkali wa hesabu, akaniambia: bahari imepanda sentimita 20 tu kati ya 1901 na 2018. Ziwa letu kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Sasa wa kuonewa huruma ni nani, sisi au watu wa pwani?

Nilikwama. Nilitaka kumhubiria, nikajizuia. Siku mbili baadaye nikamletea beseni lenye tundu ubavuni. Maji mengi ya ziwa hili yanatokana na mvua inayolinyeshea lenyewe, kuliko hata ya mito yote inayoingia, Kagera ukiwemo. Yanatoka kwa kugeuka mvuke, na kwa mdomo mmoja ulioko Jinja, Uganda, unakoanzia Nile. Mvua zikizidi linafura, zikikata linashuka. Mwaka 2006 lilishuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi kuachiwa kwenye mabwawa ya umeme kule Jinja. Mei 2020 likaivuka rekodi ya 1964. Linapanda, linashuka. Wazee wa mwaloni watakusimulia mvua za miaka ya uhuru na ukame uliofuata bila kufungua daftari. (Ukienda kuwauliza, anza na shikamoo na ukae chini. Usichomoe simu ya kurekodi kabla hujaulizwa wewe ni mtoto wa nani.)

Bahari haina Jinja. Barafu ya nchi kavu ikimwagikia humo, hakuna mdomo wa kuitoa. Na maji yenyewe yakipata joto yanatanuka, hata bila tone jipya kuongezwa. Sentensi hiyo, "bahari haina Jinja", ndiyo iliyobaki vichwani mwao kuliko michoro yangu yote, nami nikaifanya kichwa cha ukurasa.

Namba nazo zilinitesa. Kasi ya bahari ni milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018, kitu ambacho kijana anakitazama na kusema "ndiyo hiyo tu?" Nikachora rula ya shule, ile ya sentimita 30. Theluthi mbili ya rula ndiyo bahari ilivyopanda tangu 1901 hadi 2018. Kisha nikailaza rula hiyo pembeni ya ufuko mpana uliolala, wakaona kwamba sentimita chache za kwenda juu ni hatua nyingi za kuingia bara, na kwamba wimbi la dhoruba linaanzia pale pale palipoinuliwa. Hapo ndipo picha ya ukuta wa bahari wa Dar es Salaam, ule wa kando ya Barabara ya Barack Obama, ikapata maana. Nilikuwa na michoro ya miji mikubwa iliyozama hadi madirishani. Nikaifuta. Kijana akitishwa anafunga ukurasa tu.

Jaribio la barafu usilifanye kwa video kama unaweza kumwambia alifanye mwenyewe. Mawe ndiyo Mwanza, hakosi. Glasi mbili zenye maji sawa: moja vipande vya barafu vinaelea, nyingine vipande hivyo vimekaa juu ya jiwe lililochomoza majini. Weka alama kwa kalamu, subiri. Ya kwanza haipandi, ya pili inapanda. Kipande cha barafu ananunua dukani.

Kuhusu simu nitakuwa mfupi. Wengi wanaazima simu ya mama usiku, na bando ni la mama. Maandishi yatangulie, picha ifunguke kwa kubofya na uzito wake uandikwe pembeni. Nilianza na maandishi ya bluu juu ya bluu hafifu, yanapendeza ofisini, lakini juani pale Kirumba hayakuonekana kabisa. Mfadhili mmoja alitaka nembo yake ijaze kioo chote kwanza. Tuliachana kwa amani.

Lugha nayo. Redioni utasikia "kina cha bahari kimeongezeka", na mtoto wa mvuvi anajua kina ni urefu wa kamba hadi chini. Nimeandika "usawa wa bahari" kila mahali, nikaweka na neno la Kiingereza wanalokutana nalo kwenye jiografia, maana ndilo litakalokuja kwenye mtihani.

Sanduku la maswali ndilo ninalolifungua kila asubuhi. Wiki iliyopita mmoja kauliza: bahari ikizidi kupanda, Nile itarudi nyuma mpaka kwetu? Nilimjibu hapana, kutoka Jinja hadi Mediterania ni mteremko wa mita elfu moja na zaidi. Ila delta ya Nile kule Misri iko chini sana, na chumvi ya bahari inaingia kwenye mashamba yake, mashamba yanayonyweshwa na mto huo huo unaotoka kwetu. Ameandika tena: "Kwa hiyo maji yetu ndiyo yanaenda kupambana nayo?" Nimeanza kumchorea ukurasa.