Fisi wadogo wanazoeanaje

Kaka umeuliza watoto wa fisi wanazoeanaje wakati hata mapacha wanang'atana. Kweli wanang'atana, fisi madoa anazaliwa macho wazi na meno tayari, ukubwa wanagombania siku hiyohiyo. Ila wakifika wiki 2 au 3 hivi mama anawabeba kwa mdomo anawahamishia shimo la ukoo, huko ndo wanakutana na wenzao wanacheza wanavutana vijiti na wanajifunza salamu, yani unainua mguu wa nyuma mwenzako akunuse huko chini, ndo shikamoo yao hiyo 😂 Mi napeleka wageni Ngorongoro kutokea Arusha, nishaona katoto bado keusi tii kanainua mguu mpaka kakadondoka, gari zima kicheko. Ila maziwa sasa, kila mtu na mama yake